Marekani: Mwajiri anapolipa karo ya chuo kikuu

Mnamo Juni 2014, Starbucks, kampuni ya Marekani yenye maelfu ya mikahawa, ilitangaza kuwa wahudumu wake wataweza kusomea shahada ya kwanza kupitia mtandao katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Malipo kamili yalianzia kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho. Mwaka 2015 yakapanuliwa hadi miaka yote minne. Walmart ilianza mpango wake mwaka 2018 kwa kumtoza mfanyakazi dola 1 kwa siku, na mwaka 2021 ikaifuta ada hiyo.

Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa mwajiri peke yake. Katika mpango wa Starbucks, chuo chenyewe hupunguza karo, mwanafunzi huomba ruzuku ya serikali itolewayo kwa wenye kipato kidogo, na kampuni hulipa kinachosalia. Sheria ya kodi nayo inachangia: karo iliyolipwa na mwajiri, hadi dola 5,250 kwa mwaka, haikuwa ikihesabiwa kuwa kipato cha mfanyakazi. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1986, kikabaki vilevile kwa zaidi ya miaka 30 ilhali karo za vyuo zilipanda mno.

Lililo zito zaidi ni saa za kazi. Mhudumu hustahili akifanya kazi wastani wa saa 20 kwa wiki, lakini si yeye apangaye zamu. Akipunguziwa zamu kwa muda mrefu, haki yake huingia mashakani. Akiacha kazi katikati ya masomo, mihula iliyobaki ni mzigo wake. Hata hivyo, akishahitimu halazimiki kubaki kazini, sharti ambalo waajiri wengine huliweka.

Kwa wasikilizaji wenye jamaa huko, yafaa kujua kwamba ruzuku ya serikali huombwa pia na wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliopokewa rasmi, ambao miongoni mwao wamo Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili. Aliyekimbia bila cheti cha sekondari anaweza kufanya mtihani uitwao GED, unaotambuliwa nchini humo kuwa sawa na cheti hicho. Mtihani huo hufanywa kwa Kiingereza au Kihispania, Kiswahili hakimo.