Neno la leo: Mkazo

Kitenzi kaza kina kazi nyingi. Fundi hukaza nati, mwenye mbuzi hukaza kamba, na anayechoka huambiwa akaze buti. Mwalimu wa lugha naye huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RA-za.

Wanakemia pia wanalihitaji neno hili. Etha ya mzunguko ni pete ya atomi za kaboni yenye oksijeni ndani yake. Pete ya atomi tatu, oksidi ya ethilini, ina pembe za nyuzi 60 hivi, ilhali atomi zake hustarehe karibu na nyuzi 109. Zimepindwa kama upinde uliovutwa. Zikiguswa, pete hufyatuka. Ndiyo maana gesi hiyo huua vijidudu: zile herufi EO kwenye pakiti ya sirinji ni zake. Pete ya atomi nne nayo imekazika, ila hufunguka polepole zaidi. Ya atomi tano, tetrahidrofurani, imelegea: kwenye gundi ya mabomba huyeyusha PVC, yenyewe isivunjike.

Basi tuseme mkazo, tusiseme presha. Presha husukuma kutoka nje. Mkazo umo ndani ya umbo lenyewe.