Mji wa Arusha na Ardhi ya Mlima Meru

Mtu akiulizwa mji wa Arusha ulianza lini, mara nyingi hujibu kuwa ulianza pale Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1900. Jibu hilo latosha kwa mawe na chokaa, walakini halitoshi kwa watu na nchi. Kabla ya boma palikuwa na maji yaliyonywewa, udongo uliolimwa, na njia zilizokutanisha wafugaji na wakulima. Kwa hiyo atakaye kuijua historia ya Arusha hana budi kuanza na mlima, kwani mlima ni mama na mji ni mtoto wake.

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, nao ni wa pili kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro. Ni mlima wa volkeno. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na mabaki ya maporomoko hayo yakatapakaa mbali. Maziwa madogo ya Momella yamekaa juu yake. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Upande wa kusini hupata mvua nyingi, na mito ya Themi, Naura, Burka na Usa huteremka huko ikinywesha mashamba. Mji wenyewe umekaa upande huo, katika kimo cha mita 1,400 hivi, na ndiyo sababu ya baridi yake katika miezi ya Juni na Julai. Upande wa kaskazini ni mkavu, nchi ya nyasi na mifugo. Msomaji na aikumbuke tofauti ya pande hizi mbili, maana itamsaidia kuelewa yatakayosimuliwa mbele.

Wenyeji wa mlima ni makabila mawili. Wameru, ambao masimulizi yao husema kuwa wazee wao walitoka Usambara, walikaa upande wa kusini-mashariki, na lugha yao ni jamaa ya Kichaga. Waarusha walitoka Arusha Chini, kusini ya Kilimanjaro, yapata miaka ya 1830, wakakaa upande wa kusini-magharibi. Hawa husema lugha ya Kimaasai na hufuata desturi ya marika, lakini walishika jembe. Makabila yote mawili yalichimba mifereji ya kuleta maji mashambani, yakapanda migomba na nafaka. Wamaasai wa mbugani walipohitaji chakula walikuja mlimani na mifugo yao kubadilishana. Basi biashara ya Arusha ni kongwe kuliko maduka yake.

Utawala wa kigeni ulifika kwa damu. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Wameru. Wajerumani walituma majeshi kulipiza kisasi. Nyumba na migomba ikateketezwa, na mifugo mingi ikachukuliwa. Mwaka 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Moshi na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Wakati huo huo boma lilijengwa Arusha, na waliobeba mawe yake ni wenyeji walioshindwa vitani. Leo jengo hilo ni makumbusho ya viumbe. Mgeni aingiaye humo kutazama mafuvu na wadudu huenda asifahamu kuwa kuta zenyewe ni ushahidi wa historia nyingine.

Baada ya boma walifuata walowezi. Tangu mwaka 1904 hivi, Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walipewa mashamba kuuzunguka mlima, na Wajerumani na Wagiriki wakafuata. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walibadili bendera, lakini mashamba mengi yaliyotaifishwa kwa Wajerumani yaligawiwa walowezi wengine. Hivyo wenyeji wakawa kama watu waliomo ndani ya pete: juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya wageni, na katikati watu na mifugo wakizidi kila mwaka. Mji ukawa makao makuu ya Jimbo la Kaskazini. Reli kutoka Moshi ilifika mwaka 1929, ikachukua kahawa na mazao mengine kuyapeleka pwani.

Shida hiyo ya ardhi ilifika kilele chake katika upande ule mkavu wa kaskazini. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947, ilishauri mipaka ipangwe upya ili walowezi wapate eneo moja lililoshikana la kufugia ng'ombe. Kwa ajili hiyo Wameru wa Engare Nanyuki walitakiwa kuhama, ingawa sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe. Walikataa. Mwezi wa Novemba 1951 askari walikuja, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Waliambiwa waende Kingori, mahali ambapo Wameru walipaona pana joto na maradhi, wala hapafai kwa ng'ombe wao.

Wameru hawakushika mikuki kama wazee wao wa 1896. Walichanga fedha. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, nao wakaona kuwa mdhamini wa Mwingereza yupo New York, na huko ndiko kwa kushtakia. Mwaka 1952 walimtuma Bwana Kirilo Japhet, Mmeru, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Japhet alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa kutoa malalamiko. Kamati ya Nne ilikubali azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao, lakini katika Baraza Kuu azimio hilo halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hesabu ya kura Wameru walishindwa. Kwa hesabu ya historia walifungua mlango: habari zao zilienea Tanganyika nzima, TANU ikaundwa Julai 1954, na Machi 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kudai uhuru.

Tangu hapo jina la Arusha limefungamana na mikutano. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwaka huo huo mji ukawa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977 na kufufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini humo tarehe 30 Novemba 1999. Mapatano ya amani ya Rwanda ya 1993 na ya Burundi ya 2000 yalitiwa sahihi Arusha. Tangu 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapo, na mwaka 1998 ikatoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa juu ya kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka 1952 mtu wa Meru alivuka bahari kuutafuta Umoja wa Mataifa; miaka arobaini na mitatu baadaye Umoja wa Mataifa ulikuja kuweka mahakama yake chini ya Mlima Meru.

Wengi husema Arusha imepata sifa hiyo kwa hewa nzuri, hoteli na ukaribu wa mbuga za wanyama. Sababu hizo hazikataliki, lakini hazitoshi. Kabla ya wageni kuleta mashauri yao hapa, wenyeji walikuwa wamekwisha kupeleka shauri lao huko. Sifa ya mji ina mizizi katika kijiji kilichochomwa moto.

Leo Arusha ni jiji la watu zaidi ya 600,000. Nyumba zinapanda mlimani, migomba na mibuni inakatwa, na mashamba yaliyogombewa kwa machozi yanauzwa vipande vipande kwa hiari. Mito ni ile ile, wanywaji wameongezeka. Na katika sehemu nyingi za mlima maji yana floridi nyingi inayochafua meno na kudhuru mifupa, hivyo chemchemi njema ni mali ya thamani. Hakuna jeshi linalomfukuza mtu sasa, walakini swali la 1951 bado lipo: ardhi na maji ya mlima ni ya nani, na nani ataulizwa kabla hayajagawanywa? Jiji ambalo limesikiliza mashauri ya mataifa mengine linapaswa kulisikiliza na hilo la kwake. Mtoto akimkausha mama yake maziwa, naye hataishi.