Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Ruhembe ya zamani, ukimuuliza mtu anakaa wapi, jibu lake lilikueleza pia anafanya kazi gani. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza Msolwa mwaka 1962, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu. Cha pili kilijengwa upande wetu wa Kilosa miaka ya 1970. Wakata miwa walikuja kwa msimu kutoka Iringa na Mbeya, wakawekwa kambini. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Si maisha ya kuyaonea wivu, lakini aliyevujiwa alijua mlango wa kugonga: aliyempa kazi ndiye aliyempa paa.

Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa za kiwanda kwa wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini. Leo wengi wetu tusio na nyumba ya mwajiri tunapanga mtaani. Mimi ni mwalimu. Nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji watano. Mwenye nyumba, tunaambiwa, yuko Dar es Salaam. Anayetuhudumia ni kampuni ya kusimamia majengo yenye ofisi Morogoro mjini. Tulilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kupitia simu.

Anayeishi kwenye miwa anayajua masizi. Mashamba yakichomwa kabla ya kuvunwa, masizi hupeperuka na kutua juu ya mabati, yakajaa kwenye mifereji ya paa. Masika yakianza, maji hukosa njia na kurudi ndani. Machi hii yalishuka ukutani hadi kwenye kabati la vitabu.

Nilipiga simu. Nikaambiwa nitume picha. Wiki iliyofuata, fundi alikuwa njiani. Wiki ya tatu, mhusika alikuwa likizo. Ya nne, akapokea mfanyakazi mpya, akaniomba picha upya. Nikasema tuna fundi hapa Kidodi, tumlipe sisi kisha mkate kwenye kodi. Nikajibiwa kuwa mkataba hauruhusu. Nikaomba namba ya mwenye nyumba. "Hayo ni mambo ya ndani ya ofisi, mwalimu."

Katikati ya hayo, ujumbe wa kunikumbusha kodi ya Julai ulifika bila kuchelewa.

Nchi hii iliwahi kujaribu kujibu swali la nani anawajibika kwa mpangaji. Aprili 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yalihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Katikati, sheria ya mwaka 1984 ilidhibiti kodi na kuunda mabaraza ya nyumba ya mikoa, ambako mpangaji angeweza kumshtaki mwenye nyumba, na mwenye nyumba asingeweza kumtoa mtu bila amri.

Zama hizo hazikuwa peponi. Kodi zilibaki chini huku bei ya saruji na bati ikipanda, na majengo mengi yakachakaa. Wenye nyumba walilalamika, na walikuwa na hoja. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Kilichobaki ni mkataba, na mkataba huandikwa na mwenye nguvu.

Hata hivyo hatukuachwa watupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa anayepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji. Ugomvi ukikomaa, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila ili umwite mtu barazani, lazima ujue ni nani. Mkataba wangu una jina la kampuni, muhuri na namba ya kulipia. Jina la mwenye nyumba halimo. Zamani kambini mwajiri alikuwa na nguvu kupita kiasi, lakini alikuwa na sura. Huyu wa sasa anapokea kodi akiwa nyuma ya watu ambao kazi yao kubwa ni kupokea simu.

Wapangaji watano tumeandika barua moja. Tumeomba mambo mawili: tarehe ya kutengenezwa paa, na jina la mwenye nyumba. Nakala tumeipeleka kwa Mtendaji wa Kata, akaigonga muhuri. Siku tatu baadaye kampuni imejibu kwamba fundi atafika Jumamosi. Kuhusu jina, barua yao haikusema neno. Tumekubaliana kuwa kabla ya jina hilo, kodi ya Julai hailipwi.