Fuwele kimiminika: kwa nini kalkulatrisi inageuka nyeusi juani

Unabadilisha franka na dola hapa Kamanyola, unasahau kalkulatrisi kwenye jua la bonde la Ruzizi: kioo chote kinaweza kugeuka cheusi. Usiitupe mbio. Ndani mna fuwele kimiminika, kitu kinachotiririka kama mafuta lakini molekuli zake zimelala upande mmoja, kama mpunga ulioinamishwa na upepo. Joto likizidi zinavurugika. Weka kivulini, mara nyingi tarakimu zinarudi.

Kuna aina nyingine, si hizo za kalkulatrisi, zinazojiunga zenyewe. Mwaka 1989 Takashi Kato na Jean Fréchet walichanganya asidi na kemikali yenye nitrojeni. Hidrojeni ikazishikanisha, bila gundi yoyote. Mshiko huo ndio unaoshika pia molekuli za maji: joto likipanda unaachia, likishuka unashika tena.