Hotuba fupi (Eastlands, Nairobi)

Hotuba fupi ni mazungumzo ya hadharani ambamo wasemaji wengi hupokezana jukwaa, kila mmoja akipewa dakika chache za kutoa hoja moja. Mtindo maarufu duniani, PechaKucha, ulianzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham: picha 20, sekunde 20 kila picha, jumla dakika 6 na sekunde 40.

Eastlands haikusubiri projekta. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 kwa Waafrika waliofanya kazi mjini, una ukumbi uliopewa jina la utani House of Commons kwa jinsi siasa zilivyorindima humo kabla ya uhuru wa 1963. Siku hizi bunge la wananchi, yaani kikao cha wazi cha mijadala, hukutana uwanjani Jacaranda, Embakasi, na hapo msemaji anayezungukazunguka hukatizwa na wasikilizaji, ambao ni wakali kuliko saa yoyote.

Mbali na mikutano hiyo isiyo rasmi, Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Kwenye vikao vya kutoa maoni hayo, anayeanza na salamu ndefu anaweza kupoteza nafasi yake.