Kucheza bila kupakia upya

Kucheza bila kupakia upya ni changamoto ya hiari katika michezo ya video ya kuigiza wahusika, hasa ile ya njozi. Mchezaji hukataa kurudi kwenye sehemu aliyoihifadhi ili kufuta kosa au bahati mbaya. Anaweza kuhifadhi mchezo apumzike na kuendelea siku nyingine, lakini mhusika wake mkuu akifa, anaanza upya na mhusika mpya.

Changamoto hii inafahamika sana kwa wachezaji wa Baldur's Gate, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa mwaka 1998, pamoja na Baldur's Gate II wa mwaka 2000.

Kanuni za mchezo

Baldur's Gate hufuata kanuni za toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons. Mchezaji huongoza kundi la watu wasiozidi 6. Mwenzi akiuawa, kwa kawaida anaweza kufufuliwa hekaluni kwa malipo. Mhusika mkuu akifa, mchezo huisha papo hapo, hata kama wenzake wote wako hai.

Hatari

Kipindi kigumu mara nyingi ni mwanzo. Mchawi wa kiwango cha kwanza kwa kawaida ana pointi 4 hadi 6 tu za uhai, na kombora moja la uchawi huondoa pointi 2 hadi 5. Mbele ya nyumba ya wageni ya Friendly Arm, ambako mchezaji hushauriwa kwenda mapema, mchawi Tarnesh humngojea ili amuue. Uchawi wake wa hofu huwafanya watu wakimbie ovyo, wasiweze kujitetea.

Mashambulizi huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Namba 20 huleta pigo lenye madhara maradufu, isipokuwa aliyepigwa amevaa kofia ya chuma. Baadaye hukutana na basiliski, ambao macho yao hugeuza watu kuwa mawe. Mhusika mkuu akigeuzwa jiwe, safari yake imekwisha.

Mbinu

Anayeweza kupakia upya hujifunza kwa kufa. Asiyeweza hulazimika kujua hatari kabla ya kuifikia. Kwa hiyo hutanguliza mpelelezi aliyejificha, hupiga mishale kutoka mbali, huweka akiba ya dawa za kuponya, na hutumia uchawi wa kuzuia kugeuzwa jiwe kabla ya kuwakabili basiliski. Pia hukubali kukimbia. Pambano lililoachwa linaweza kurudiwa, lakini kifo cha mhusika mkuu hakirudishwi.

Uaminifu

Katika Baldur's Gate ya mwaka 1998 hakuna kitu kinachomzuia mchezaji kupakia upya. Yeye mwenyewe ndiye mwamuzi, na dadu moja inaweza kufuta kazi ya wiki nyingi. Ndiyo maana ni vizuri kupanga masharti kabla ya kuanza, kwa mfano kama inaruhusiwa kupakia upya iwapo programu itakwama.

Michezo mingine huweka sharti hili ndani ya programu. Rogue, wa mwaka 1980, ulikuwa na kifo cha kudumu. Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian Studios iliongezewa mwaka 2023 hali ya ugumu yenye hifadhi moja tu; kundi zima likifa, jaribio hilo huhesabiwa kuwa limeshindwa.