Miezi 22 Bila Shule: Kutoka Nakivale Hadi Fumba



Machi 2020 serikali ya Uganda ilipofunga shule kwa sababu ya korona, na misikiti na madrasa zikafungwa pia, sisi walimu tulidhani ni jambo la mwezi mmoja. Watahiniwa walirudi Oktoba, madarasa mengine yakafuata kidogo kidogo, halafu Juni 2021 kila kitu kikafungwa tena. Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kwa watoto wengi wadogo hiyo ilikuwa karibu miezi 22.

Serikali ilichapisha vitabu vya kujisomea na masomo yakasomwa redioni. Mbarara mjini wapo wazazi waliomudu kumleta mwalimu nyumbani. Hapa Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda na sasa yamejaa Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, redio moja iliweza kusikilizwa na nyumba tatu, na mtoto aliyetoka Kongo juzi akamwelewa msomaji nusu tu.

Basi watoto wakajifundisha walichokiweza. Kijana mmoja wa madrasa yetu aliwamba ngozi ya mbuzi wa Idi akatengeneza dufu, akawa anasikiliza kasida kwenye simu ya mama yake na kuzirudia mpaka usiku. Tulipopita tulimkemea, tukamwambia ashike kitabu. Mama yake akatujibu kwa adabu: "Mwalimu, kile kitabu alikimaliza zamani. Nikimkataza na hiki, ashinde akifanya nini?"

Hatukuwa na jibu. Tukaanza kujiuliza hizo kasida zenyewe zilifikaje kwetu, na swali hilo likaturudisha pwani, maana huko ndiko nyingi zilikotoka.

Mwaka 1905 vijana wa mjini Unguja waliunda chama cha muziki wakakiita Ikhwani Safaa. Jina hilo si geni kwa msomi wa Kiislamu. Ikhwan al-Safa wa Basra, katika karne ya 10, waliandika risala zipatazo 52, na ile ya tano ni ya muziki. Waliiweka katika fungu la hisabati, karibu na hesabu na jiometri. (Tunajua maulamaa wamehitilafiana juu ya ala, na wapo wasioruhusu zaidi ya dufu. Hatukusudii kutoa fatwa hapa.)

Lakini aliyetugusa zaidi ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi maskini waliotoka katika utumwa. Shule hakuingia. Alibeba vyungu kwenda kuviuza huku akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mazoezi yake. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, aliyemfundisha kuimba kwa utaratibu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Tukisoma hayo tulimkumbuka yule kijana tuliyemkemea. Siti alimpata mtu wa kumsikiliza. Sisi tulisikia dufu tukaona uvivu.

Shule zilipofunguliwa, kijana alipewa mtihani wa kumpangia darasa, akarudishwa nyuma ya wenzake. Hesabu alikuwa amesahau nyingi, hilo ni kweli. Ila aliporudi madrasa tulishangaa: pumzi yake katika kusoma Qur'ani ilikuwa imerefuka, anajua pa kusimama na pa kuunganisha, na wadogo sita walikuwa wanajua kasida kwa kufundishwa naye nyumbani kwao, bila sisi kuwa na habari.

Mwisho wa mwaka mama yake aliuliza kama hayo yanaweza kuandikwa kwenye ripoti. Ripoti yetu ina Qur'ani, Fiqhi, Tauhidi, Sira na tabia, na haikuwa na mstari wa jambo hilo. Tuliliandika kwa kalamu pembeni.